Yakobo kanikamata mlangoni

Jumapili moja nilisoma somo kanisani, Yakobo 2, ile mistari ya ndugu aliyepungukiwa riziki halafu anaambiwa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba." Nilisoma kwa madaha, na wengine wakanisifu. Mlangoni mama mmoja mzee akanisimamisha: mjukuu anaumwa, dawa hana. Nikamjibu, "Pole mama, tutakuombea." Nikapita zangu.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani ndipo aya ile iliponirudia. Jamani! Niliyoyasoma saa moja kabla ndiyo niliyoyatenda.

Kesho yake nilimtafuta. Dawa zilipatikana, hilo lilikuwa jepesi. Kilichonishika ni alichosema baadaye: "Mwanangu, huna kazi ya mikono unipe? Kuomba kunachosha."

Tangu hapo Walawi 19 hainitoki kichwani. Mwenye shamba anakatazwa kuvuna mpaka pembeni na kuokota masazo; hayo ni ya maskini na mgeni. Haambiwi avune yote kisha agawe kwa huruma yake. Maskini anaingia mwenyewe na kuokota, kwa mikono yake, kama Ruthu, yule mjane mgeni wa kwenye Biblia, shambani kwa Boazi. Sisi tunapenda kugawa, tena mbele ya kamera (nami nimo kwenye picha hizo).

Mama yule sasa anashona vitambaa vya madhabahu. Kamati ilitaka ajitolee "kwa ajili ya Bwana." Tulibishana jioni nzima. Analipwa.