Kumbukumbu ya mradi: nikeli imekubali kuzama

Hatimaye! Maji ya kusuuzia vyuma vilivyopakwa nikeli, kutoka karakana ya Kizota hapa Dodoma, yametoka maangavu, na dimethiliglioksimu (kemikali inayoleta wekundu ikikuta nikeli) haikuleta wekundu hata kidogo.

Iliyonitesa ni sitrati, chumvi ya asidi ya limau. Nikeli ya kawaida haina ubishi: pandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) ipite 10 kidogo, inaganda na kuzama. Lakini tangi la kupaka nikeli bila umeme lina sitrati, nayo huing'ang'ania nikeli isitoke majini. Nilimimina kostiki soda mpaka pH ikapita 11. Wapi! Tope kiduchu, maji yamebaki na kijani kilekile cha krisoprasi, kito cha Haneti (nayo rangi yake ni ya nikeli). Inaudhi, maana kostiki ni ghali.

Chokaa ndiyo iliyoamua. Kalsiamu yake huinyakua sitrati na kuzama nayo, nikeli ikabaki bila mlinzi. Nilishikilia pH karibu na 12, nikakoroga polepole, nikaliacha pipa litulie usiku kucha. Asubuhi tope lilikuwa limejaa karibu nusu ya pipa, kijani hafifu, laini, linateleza kwenye ufito. Maji ya juu lazima yashushwe pH kabla ya kumwagwa, na tope linakaa kwenye ndoo zenye mfuniko, jalalani haliendi.

Kipima pH cha mkononi sikipendi kwenye chokaa. Utando mweupe huganda kwenye kichwa chake, namba zinaanza kutangatanga, unakiosha kwa siki, unaanza upya. Karatasi za pH ni bora mara mia.

Mpango ulikuwa kuyeyusha tope kwa asidi ya betri, kisha kuitoa nikeli kwa umeme. Nimeuweka kando. Asidi itaacha jasi chini, sawa, lakini itaifungua na sitrati, na tutarudi kulekule. Afadhali maji ya kusuuzia ya tangi la Watts, lile la kupaka nikeli kwa umeme, lenye salfeti, kloridi na asidi ya boriki. Hayana sitrati. Yakikingwa peke yake, yanarudishwa tangini kufidia yanayopaa. Tangi lina nyuzi 50 hadi 60, na hewa kavu ya Dodoma inanyonya kwelikweli. Nikeli inarudi kazini bila kemikali yoyote!

Ila maji ya kisima hayafai kusuuzia hapo: yana kalsiamu, na ikijikusanya kwenye salfeti inazaa jasi, vyuma vinatoka na chengachenga. Yanatakiwa ya mvua. Gata zipo, natafuta simtanki kabla ya Desemba.