Hakuna Ndege Ila Ndege Wako

Assalaam alaykum ndugu zangu, mama zangu na vijana wetu. Ijumaa Mubarak.

Katika nyumba nyingi za Pemba, mgonjwa akizidiwa usiku na bundi akalia juu ya mkarafuu nyuma ya nyumba, mambo mawili hufanyika kwa pamoja. Ndani, mtu ameketi kichwani pa mgonjwa anamsomea Yasin. Nje, mwengine ametoka na jiwe au kijinga cha moto anamfukuza ndege, kwa kuwa "kaja kuchukua mtu". Wote wawili ni watu wa nyumba moja, na wote wanampenda mgonjwa wao.

Lakini hebu tuisikilize hiyo Yasin yenyewe. Kuanzia aya ya 13 kuna kisa cha watu wa mji waliopelekewa mitume wakawakataa. Hoja waliyoitoa, aya ya 18, ni kwamba nyinyi mmetuletea kisirani, na msipoacha tutakupigeni mawe. Aya ya 19 mitume wakawajibu kuwa kisirani chenu mnacho nyinyi wenyewe. Sura hii tunaisoma hitimani, makaburini na kwa wagonjwa. Wengi wetu tuliihifadhi tangu chuoni. Na bado msomaji anafika kwenye aya hiyo huku mwenziwe yuko uwanjani anaokota jiwe.

Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na mtindo wao. Mtu akitaka kusafiri alimkurupusha ndege: akirukia kulia, safari ipo; akirukia kushoto, mtu anarudi nyumbani. Mtume (s.a.w.) akalifuta jambo hilo. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim amesema hakuna tiyara, yaani mkosi wa ndege, wala hakuna hama, na hiyo hama wanazuoni wameifasiri kuwa ni bundi pamoja na itikadi za watu juu yake. Kwa hiyo bundi wetu ametajwa, hatuna pa kukimbilia.

Kwa Abu Daud iko hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) ambayo mimi naipenda sana. Baada ya neno zito kwamba tiyara ni shirki, yanafuata maneno kuwa hapana yeyote miongoni mwetu ila humpitia kidogo moyoni, lakini Mwenyezi Mungu huiondoa kwa kumtegemea Yeye. Wanazuoni wengi wameona kuwa maneno haya ya mwisho ni ya Ibn Mas'ud mwenyewe. Yana huruma ndani yake. Sahaba mkubwa anakiri kuwa moyo hushtuka. Kushtuka saa nane ya usiku si dhambi. Linaloangaliwa ni unachofanya baada ya hapo. Umeahirisha safari? Umemkatia mgonjwa tamaa, ukaanza kumtazama kama aliyekwisha kwenda?

Na aliyekwisha kurudishwa nyuma na kisirani, amefundishwa kafara yake katika hadithi ya Imamu Ahmad: Allahumma laa khayra illaa khayruk, wa laa tayra illaa tayruk, wa laa ilaaha ghayruk. Ewe Mola, hakuna kheri ila kheri yako, hakuna ndege ila ndege wako, na hakuna mola asiyekuwa Wewe.

Basi tumtazame huyo ndege wa Mola tunayemrushia mawe. Yule bundi mdogo wa Pemba hapatikani pahala pengine popote duniani. Hata Unguja hayupo. Wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 1937, ila yeye alikuwa akilia katika msitu wa Ngezi tangu zamani za mababu, na katika mashamba ya mikarafuu pia yumo. Mchana hujificha kwenye majani mazito, usiku hutoka kutafuta wadudu. Hulia "hu" moja, akanyamaza, kisha "hu" nyengine, na mara nyingi ni dume na jike wanaitikiana. Hulia mgonjwa akiwepo na asipokuwepo. Usiku wa harusi pia hulia, lakini nani atamsikia mbele ya ngoma?

Sura An-Nur aya ya 41 inasema kuwa vilivyomo mbinguni na ardhini vinamtakasa Mwenyezi Mungu, na ndege wakikunjua mbawa zao, kila mmoja amekwisha jua sala yake na tasbihi yake. Aya haikuwachagua njiwa na chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, ikamwacha bundi. Ikiwa ni hivyo, usiku ule dhikri ilikuwa ndani ya nyumba na ilikuwa juu ya mkarafuu, na aliyekosekana ni yule wa katikati mwenye jiwe.

Iko na tiyara ya furaha, ambayo hatuiogopi. Chozi kaingia barazani siku ya arubaini, picha inatumwa kwa jamaa wote: marehemu kaja kutusalimia. Naujua uchungu wa kufiwa na simlaumu mtu, lakini kumfanya ndege mjumbe wa maiti ni jambo lilelile la bundi, limevishwa nguo nzuri tu. Mtume (s.a.w.) alipenda fa'l, na alipoulizwa ni nini, alisema ni neno jema analolisikia mtu.

Sisemi kuwa ndege hawana la kutufundisha. Qabil alipomuua nduguye, Mwenyezi Mungu alimleta kunguru akawa anafukua ardhi (Al-Maida, aya ya 31). Kunguru yule hakumtabiria Qabil kesho yake. Alimwonyesha kazi ya mikono: chimba, umsitiri ndugu yako. Kwetu Unguja kunguru weusi waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wale taka za mji, na leo wanakula vifaranga vyetu. Mimi mwenyewe sina mapenzi nao. Hata hivyo mwanaadamu alisomeshwa na ndege wa jinsi hiyo namna ya kuzika. Tukikutana na ndege tuulize tunafundishwa kufanya nini, na habari ya litakalotupata tumwachie Mwenyewe.

Neno kwa wazazi ambao watoto wao wana manati. Abu Daud amepokea kuwa masahaba walichukua makinda mawili, mama yao akaja akipapatika. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia majonzi huyu kwa wanawe, akaamuru arudishiwe. Wasomeeni watoto hadithi hiyo, na manati zikusanyeni.

Wiki ijayo, inshaallah, tutamtazama Hudhud, ndege wa Nabii Suleiman. Atakayepata nafasi asome An-Naml, aya ya 20 hadi 28, kabla hatujakutana.