Nilivyojifunza Kuuchunguza Mchanga

Nilipoanza kukusanya mchanga nilijiwekea sharti moja ambalo sijalilegeza hadi leo: chupa isiyo na maelezo haiingii kabatini. Kila sampuli ina namba inayolingana na ukurasa wa daftari, na hapo huandika mahali ilipotoka, tarehe, na kama ilichotwa ufukweni, mtoni au kwenye matuta ya jangwa. Mchanga wa kupendeza usiojulikana asili yake unafaa kwa pambo tu.

Kiasi hakihitaji kuwa kikubwa. Mililita 30 zinatosha kuchunguza na kubakiza akiba ya kubadilishana na wakusanyaji wengine. Mchanga wa baharini huusuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kadhaa, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kugandisha punje, kisha huuanika juu ya karatasi mpaka ukauke kabisa. Mchanga wa jasi, madini meupe laini, siuoshi, kwani jasi huyeyuka kidogo majini.

Wanajiolojia huhesabu kuwa mchanga punje zote zenye upana wa kati ya milimita 0.0625 na 2, bila kujali zimetokana na nini. Kwa kuwa jina lenyewe halielezi chochote kuhusu madini yaliyomo, nililazimika kujifunza vipimo vya nyumbani. Naanza na lenzi ya kukuza mara kumi. Baadaye hupitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, ili punje nyeusi za magnetiti (madini ya chuma yanayopatikana sana katika miamba ya volkano) zinazonasa ziweze kudondoshwa kwa kuitoa sumaku mfukoni. Halafu hutia tone la siki kwenye punje chache: zikitoa mapovu, kuna chokaa, ambayo mara nyingi imetokana na makombe na matumbawe yaliyosagika. Kwatzi, madini ya silika yaliyomo katika mchanga mwingi, haibadiliki kwa siki, huonekana kama vipande vya kioo, na kwa ugumu wake wa 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, inakwaruza kioo cha kawaida.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi, na ambacho bado nakiona kitamu kuliko vingine, ni umbo la punje. Zenye pembe kali kwa kawaida hazijasafiri mbali kutoka kwenye mwamba zilikomeguka, ilhali zile ambazo upepo wa jangwani umezigonganisha kwa muda mrefu huviringika na kupata uso uliofifia. Hata hivyo sikurupuki kuhukumu, kwa sababu punje ya mviringo yaweza kuwa imetoka katika jiwe la mchanga la kale lililomomonyoka, hivyo safari yake ikawa ilikwisha zamani sana. Rangi nayo ina hila zake: wekundu wa matuta ya jangwa la Namib ni utando mwembamba wa oksidi ya chuma juu ya kwatzi, lakini wekundu wa mchanga wenye garneti, madini ambayo mara nyingi ni mekundu, umo ndani ya madini yenyewe.

Ipo michanga ambayo kila mkusanyaji huitamani, kama ule wa kijani wa Papakōlea huko Hawaii, unaotokana na madini ya kijani yaitwayo olivini, au ule wa Okinawa, Japani, wenye umbo la nyota, ambazo ni maganda ya viumbe wadogo waitwao foraminifera. Tamaa hiyo ina mipaka ya kisheria. Katika hifadhi ya White Sands, Marekani, kuondoka na mchanga wa jasi ni marufuku, na kisiwani Sardinia, Italia, sheria ya 2017 imeweka faini ya euro 500 hadi 3,000. Kwa hiyo huulizia kanuni za mahali kabla ya kuchota, na anayetaka kubadilishana nami humwomba anieleze aliupataje wake.

Ninapowafundisha watoto, huwapa sampuli tatu zilizofichwa namba, lenzi, sumaku na siki, nao huandika wanachokiona kabla ya kukisia mchanga umetoka wapi. Ubishi huwa mkubwa zaidi pale sampuli moja inapotoa mapovu na wakati huohuo kunasa kwenye sumaku, kwa kuwa hapo hulazimika kueleza jinsi mwamba wa volkano na makombe vilivyokutana katika ufukwe mmoja.