Machaguo ya Kukompaili PostgreSQL Yanayoshikamana na Data

Anayekompaili PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, yaani anayeijenga programu yake mwenyewe kutoka msimbo chanzo, hukutana na orodha ndefu ya machaguo mara tu anapoandika `./configure --help`. Mimi hulipima kila chaguo kwa swali moja: nikibadili mawazo baadaye, je, itatosha kujenga programu upya, au nitalazimika kuihamisha data yote?

Chaguo la `--prefix` halina uzito huo. Usipolitaja, programu huwekwa kwenye `/usr/local/pgsql`, na ukitaka ikae pengine unajenga tena.

Ukubwa wa bloku, yaani kipande cha data ambacho seva husoma au kuandika kwa mara moja, ni jambo jingine kabisa. Kwa kawaida ni kilobaiti 8, ingawa `--with-blocksize` hukuruhusu kuchagua 1, 2, 4, 16 au 32. Ukubwa huo hurekodiwa pamoja na data siku unapoendesha `initdb`, amri inayoandaa hifadhi mpya ya data, kwa hiyo seva iliyojengwa kwa 32 ikielekezwa kwenye data ya 8 hukataa kuwaka, na ujumbe wake wa kosa huzitaja waziwazi namba 8192 na 32768, yaani ukubwa huo kwa baiti. Hapo inakubidi uitoe data kwa `pg_dump` kupitia seva ya zamani, kisha uiingize upya. Sishauri mtu ajitwike mzigo huo kabla ya kupima kazi zake mwenyewe na kuiona faida.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni `--with-lz4`, chaguo la kubana data kwa njia iitwayo LZ4, lililoingia katika toleo la 14, kwa sababu linaonekana kama nyongeza isiyo na masharti. Ukishabana thamani kubwa za jedwali kwa LZ4, kisha ukaileta seva iliyojengwa bila chaguo hilo, seva itawaka vizuri na kujibu maswali mengi, hadi siku `SELECT` itakapoigusa thamani iliyobanwa na kushindwa kuisoma. Afadhali seva inayogoma mapema kuliko hiyo.

Kwa seva inayopokea miunganisho ya mtandao naweka `--with-ssl=openssl`, linalowezesha miunganisho iliyosimbwa, bila kusita, na `--enable-cassert`, linaloongeza ukaguzi wa ndani wa kunasa makosa ya msimbo, nawaachia wanaoiendeleza PostgreSQL yenyewe, kwa kuwa ukaguzi wake huipunguza kasi seva kwa kiasi kikubwa.

Kabla ya kujenga toleo jipya, endesha `pg_config --configure` ya seva iliyopo, nakili machaguo yote inayoyaonyesha, na uhakikishe majaribio ya `make check` yamepita ndipo uandike `make install`.