Siku moja na vizimba vya molekuli, Mbeya

Saa 11:30 alfajiri. Juni ya Mbeya haina utani. Maji ya bomba yanauma vidole, kwa hiyo kabla ya kitu chochote ni chai. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Bado kila mwaka kuna mwanafunzi anayeandika 100 kwenye ripoti bila hata kugusa kipimajoto.

Saa 1:00 asubuhi. Hiace kutoka Uyole. "Sogeeni nyuma, nafasi ipo!" Haipo. Tunasogea hivyo hivyo.

Saa 2:15. Maabara, na koti juu ya sweta. Napima gramu 2.8 za siklodekstrini beta kwa mililita 250 za maji yaliyokenekwa. Nimefika 2.7, umeme unakatika. Fundi sanifu wetu ananitazama, "Pole, madam," anaendelea kupanga chupa. Dakika arobaini za kusubiri, halafu mizani inaanza upya na mimi naanza upya.

Siklodekstrini beta ni pete ya sukari: glukosi saba zilizoshikana duara, zinazotokana na wanga. Nje inapenda maji, tundu la katikati haliyapendi. Si kizimba kamili, yaani molekuli yenye tundu lililozungukwa pande zote, ni binamu yake wa hali ya chini, lakini ndiyo tunayoimudu.

Saa 4:00. Mwaka wa tatu. Leo ni vizimba vinavyochochea mimenyuko ndani ya maji. Naanza na mafuta kwenye mchuzi, maana kila mtu ameyaona yakikusanyana. Molekuli za mafuta zikiwa ndani ya maji hukimbilia popote maji yasipofika. Wape tundu, wataingia. Mbili zikiingia tundu moja zinabanwa uso kwa uso, na mmenyuko uliokuwa unasubiri bahati unatokea haraka.

Mwaka 1980 wanakemia Rideout na Breslow walionyesha kwamba mmenyuko mmoja wa Diels-Alder, unaounganisha molekuli mbili kuwa pete, ulikwenda kasi zaidi ya mara 700 kwenye maji kuliko kwenye kiyeyushi cha mafuta. Walipoongeza siklodekstrini beta, kasi ikapanda tena. Walipoweka alfa, yenye glukosi sita, ikashuka. Hapo huwa nasimama kidogo. Glukosi moja tu imepungua, tundu limekuwa jembamba, abiria wa pili hana pa kukaa.

Kisha mwanakemia Fujita wa Japani. Kizimba chake kina atomu sita za metali ya paladiamu na vipande vinne vya kuunganisha, vikiwa ndani ya maji vinajipanga vyenyewe. Mwaka 2006 kundi lake liliweka humo antrasini, molekuli ya pete tatu. Kwa kawaida molekuli ya pili hushambulia pete ya katikati. Ndani ya kizimba ikashambuliwa ya pembeni, kwa sababu ndani ya kuta zile ndiyo pekee iliyofikika.

Na Berkeley, kule California, kundi la wanakemia Raymond na Bergman: kizimba chao kina atomu nne za metali ya galiamu na chaji hasi 12. Mwaka 2010 walitangaza mmenyuko wa Nazarov, unaofunga molekuli iwe pete, uliokwenda kasi zaidi ya mara milioni 2. Tatizo, bidhaa yake ilipenda kukaa mle mle. Wakaongeza maleimidi, molekuli nyingine inayoikamata bidhaa na kuigeuza kitu ambacho kizimba hakikitaki.

"Kwa hiyo madam, ni kama hiace abiria wakigoma kushuka?" kijana wa nyuma anauliza. Darasa linacheka. Nimefundisha mada hii miaka kadhaa na sikuwahi kufikiria hivyo. Nimeuchukua mfano, sijamlipa.

Saa 6:10. Jaribio. Fenoftalini, rangi ya kupimia besi, kwenye maji ya kabonati ya sodiamu: waridi inayong'aa. Namimina siklodekstrini, rangi ilitakiwa kupotea. Haipotei. Kimya. Naongeza, bado. Kisha naiona chupa ya fenoftalini na kuelewa: nimetia matone mengi mno, pete hazitoshi wageni. Tunaanza na tone moja. Safari hii waridi inakwisha kama imefutwa, kwa sababu molekuli ikiingia kwenye pete hubanwa ikawa na umbo lisilo na rangi. Tunapasha moto, waridi inarudi. Tunatia bika kwenye maji ya bomba, inapotea tena, na baridi ya Juni inatusaidia. Hapo hakuna kilichochochewa, ni mgeni kuingia na kutoka tu. Nimewaambia hivyo, wasije wakaandika vingine kwenye mtihani.

Saa 8:00. Wali maharage.

Saa 9:00 hadi 10:30. Kuosha vyombo na kumjibu msichana anayetaka kutengeneza kizimba cha paladiamu kwa mradi wake. Nikamwonyesha bei. Akanyamaza, akaomba siklodekstrini alfa.

Saa 11:50 jioni. Hiace tena. Kituo changu kinafika, nasema "shusha!", waliosimama mlangoni hawabanduki. Nimeshuka kituo cha mbele, nikarudi kwa mguu.