Gogo la Kibirizi

Mwaka 1998 mvua za Elnino zilikuwa zimelijaza Ziwa Tanganyika mpaka mchanga wa Kibirizi, pale Kigoma, ukabaki ukanda mwembamba. Mto Malagarasi ulitapika matete, miti, hata paa la banda la mtu. Mbalamwezi ilikuwa kali na wavuvi wa dagaa walikuwa wamepumzisha karabai zao, kwa hiyo baba mdogo aliniamsha alfajiri twende tukaokote kuni majini.

Tulichokikuta si kuni. Gogo zima la mninga, limezama karibu lote, mgongo tu ndio unaonekana kama wa kiboko. Tulilifunga kamba tukapiga kasia. Jua lilichomoza, likapanda, na Kibirizi iko palepale. Viganja vyangu vilichubuka vyote.

Ufukweni baba mdogo alipapasa kichwa cha gogo, akanyamaza. Palikuwa na alama ya nyundo, ile wanayogonga mabwana misitu ushuru ukishalipwa.

Usiku alinipa upande mmoja wa msumeno. Tulikata kipande cha unene wa kiganja, mawimbi yakitufichia kelele. Akampelekea bibi awe anakatia samaki, alama ikitazama chini.

Kesho yake akaja mzee mmoja kutoka vijiji vya kusini. Dhoruba ilikuwa imekata kamba za magogo yake. Hakufoka. Aliweka mkono kwenye mkato, akanusa. "Mwanangu, hapa pamekatwa jana."

"Cha majini ni cha aliyekiona, mzee wangu," baba mdogo akajibu.

Wavuvi waligawanyika. Baadhi walitaka mzee alipe jasho la kuvuta, achukue mali yake. Ukubwani ndipo nilipojua kuwa hata sheria za uokoaji majini zinakwenda hivyo: mwokoaji hudai ujira, mali hubaki ya mwenyewe. Tungepata chochote, walau hela ya sukari.

Bwana misitu alifika na baiskeli, akalizunguka gogo mara mbili.

"Nyundo iko wapi?"

Mzee akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akanitazama mimi. Nikatazama viganja vyangu.

"Kama halina nyundo, ni la serikali."

Jioni lori lilikuja kulibeba. Mzee aliaga kila mtu kwa mkono, hata mimi, akapanda boti ya kwao. Nyumbani bibi alikuwa anakata migebuka juu ya kile kipande. Baba mdogo hakula.