Meza ya Eksirei Hushikiliwa na Nini Umeme Unapokatika?

Mtu anayetaka kununua mashine ya eksirei hapa Lubumbashi huuliza kwanza nguvu ya mashine yenyewe, kisha ubora wa picha, kisha gharama ya kuisafirisha kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Kasumbalesa. Ni nadra sana aulize habari za meza, kwa kuwa meza huonekana kuwa kitanda tu cha kumlazia mgonjwa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuzitengeneza mashine hizi, naona kwamba katika mji wenye delestaji, yaani umeme unaokatwa kwa zamu, meza ndiyo inayostahili kuchunguzwa mapema kuliko vyote, na kwamba jambo la kuuliza si wepesi wake wa kusogea, bali ni kitu gani kinachoishikilia pale umeme unapotoweka.

Katika meza ya kawaida ya eksirei, ubao wa juu huelea, yaani hukaa juu ya beringi zinazokwenda katika reli, na huweza kusukumwa mbele, nyuma, kushoto na kulia kwa mkono mmoja. Faida yake ni kubwa, kwa sababu mtu aliyevunjika paja hahitaji kuguswa: anayesogezwa ni ubao wote pamoja naye, mpaka sehemu inayotakiwa ikae chini ya mionzi. Chini ya ubao kuna kabati linaloteleza, lenye gridi ya kuzuia mionzi iliyotawanyika, kifaa ambacho asili yake ni kazi ya Mjerumani Gustav Bucky ya mwaka 1913. Ubao ukishafika mahali pake, hubanwa na sumaku za umeme, na hapo ndipo meza hutofautiana. Katika meza nyingi za zamani, sumaku hubana wakati tu zinapopata umeme, mara nyingi wa volti 24, hivyo umeme ukikatika ubao huachiwa huru. Katika aina ya pili kinachobana ni sumaku ya kudumu, na umeme unaopitishwa katika koili huifuta nguvu yake kwa muda ule tu ambao fundi wa picha amekanyaga pedali. Umeme ukikatika, ubao wa aina hii hubaki umebanwa.

Tofauti hiyo haionekani kwenye picha za matangazo. Niliiona katika kliniki moja siku umeme ulipokatika wakati mzee mmoja alikuwa amekwisha kupigwa picha ya goti kwenye meza ya aina ya kwanza. Chumba hakikuwa na dirisha. Mzee alijiinua, akashika ukingo wa ubao ili ateremke, na ubao ukakimbilia upande wa ukuta huku miguu yake ikiitafuta sakafu. Fundi wa picha, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi, alikuwa ameshaufikia na kuubana kwa nyonga yake, akasema, "Papa, tulia kwanza, usishuke, niko hapa." Baadaye alinieleza kwamba kila anaposikia feni ya chumba ikinyamaza, yeye huikimbilia meza kabla ya kutafuta tochi. Dawa ya bei nafuu kwa meza kama ile ni betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, zinazochajiwa daima na kuzilisha sumaku peke yake kwa dakika chache, mradi kazi hiyo ifanywe na mtu anayejua kuutenganisha umeme wa ukutani na chuma anachokigusa mgonjwa.

Meza zinazoinama ni habari nyingine, na ndizo ninazozipenda zaidi. Hizi hutumika katika uchunguzi ambao daktari hutazama picha zikitembea: mgonjwa hunywa bariamu, dawa inayoonekana kwenye eksirei, kisha husimamishwa ili ishuke, hulazwa ili ienee katika sehemu ya juu ya tumbo la chakula, au huinamishwa kichwa chini ili ionekane kama inarudi katika koo la chakula. Dawa inayodungwa kwenye mfereji wa uti wa mgongo nayo huongozwa kwa mwinamo, polepole sana, kwa kuwa haitakiwi kukimbilia kichwani. Meza nyingi husimama wima hadi nyuzi 90 upande mmoja, na kwa upande wa kichwa chini huishia nyuzi 15, 30 au 45 kulingana na aina yake.

Ugumu wa kwanza wa kuziunda ni sakafu. Chukua meza yenye urefu wa sentimita 200, iliyoegemezwa katikati, egemeo likiwa sentimita 85 kutoka chini. Ukiiinamisha bila mbinu nyingine, upande wa miguu utagonga sakafu ukifika nyuzi 58 hivi, na ili isimame wima ungelazimika kuchimba shimo la sentimita 15. Kwa hiyo meza hupewa miendo miwili inayokwenda pamoja: inapozunguka juu ya upinde mkubwa wa meno, mwili wake huteleza pia kuelekea juu. Swichi za kikomo huizuia isipite mwisho wa njia. Swichi hizo huumizwa na safari, na nimeona zaidi ya moja iliyopinda kwa sababu aliyepakia meza Ulaya hakurudisha vyuma vya kuifungia wakati wa kusafirisha.

Ugumu wa pili ni uzito. Mgonjwa wa kilo 80 akiinamishwa nyuzi 30 kichwa chini, nusu ya uzito wake, yaani kilo 40, huvuta kufuata urefu wa meza na kuangukia vishikio vya mabega, wakati uzito wa meza yenyewe nao unaisumbua mota. Kinachozuia vyote visiteremke umeme ukikatika ni parafujo ya chuma kigumu inayozungusha gurudumu la meno. Parafujo huweza kuliendesha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuirudisha nyuma parafujo, kama vile jeki ya parafujo inavyoendelea kulibeba lori baada ya mkono kuuachia mpini. Sifa hiyo hupatikana pale mzingo wa parafujo unapokuwa na mwinamo mdogo sana, na hulipiwa, kwa kuwa gia ya namna hiyo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mota katika msuguano. Tena mtikisiko unaweza kuifanya iteleze kidogo kidogo, na ndiyo maana meza iliyoundwa vizuri huwa na breki ya ziada kwenye mota, inayofungwa na springi na kufunguliwa na umeme.

Gurudumu hutengenezwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na madini ya bati, ili liishe lenyewe badala ya parafujo. Ukitaka kujua hali yake, futa grisi ya zamani kwa kitambaa cheupe na ukitazame kwenye mwanga: chembe chache za rangi ya dhahabu ni za kawaida, lakini kitambaa kikimetameta chote, meno yamekwisha kuliwa. Kiangazi, vumbi letu jekundu huingia katika grisi hiyo na kuigeuza kuwa msasa. Gurudumu jipya kutoka Ulaya hugharimu fedha nyingi na miezi ya kungoja, lakini hapa kwetu, ambako karakana zimelelewa na migodi, wapo mafundi wa kukereza wanaoweza kulichonga, wakipewa la zamani na parafujo yake. Lazima tu wazuiwe kutumia shaba tupu, ambayo tunayo tele lakini ni laini mno kwa kazi hii.

Kuhusu skana, yaani mashine ya CT inayozunguka mwili na kupiga picha za vipande vyake, nitasema kwa ufupi. Meza yake huinuliwa kwa mikono ya mkasi na parafujo au kwa haidroliki, na ubao wake wa nyuzi za kaboni husukumwa kwa mkanda na mota. Hapo mwendo ni sehemu ya picha yenyewe: mashine inayozunguka kwa nusu sekunde na kupiga upana wa milimita 20 huhitaji meza isogee milimita 40 kila sekunde bila kusita, ikiwa kila mzunguko unaanzia pale uliotangulia ulipoishia. Mkanda uliolegea huharibu picha ambazo kompyuta haina lawama nazo. Umeme ukikatika, ubao lazima uweze kuvutwa nje kwa mkono.

Kwa anayekwenda kukagua meza inayoinama, ninapendekeza mifuko mitatu ya unga wa bukari (ugali), kila mmoja wa kilo 25, iliyofungwa vizuri ndani ya plastiki na kukazwa kwa mikanda ya meza. Inamisha meza, na ikiwa bado inatembea, omba swichi kuu izimwe. Inapaswa kusimama papo hapo. Chora mstari wa kalamu pale upinde wa meno unapokutana na fremu, uuache kwa saa nzima, na uhakikishe haujahama. Umeme ukirudishwa, meza isisogee hata kidogo mpaka mtu abonyeze kitufe, na akikiachia isimame. Muuzaji mmoja aliniambia kwamba jaribio hilo lingeiharibu kompyuta ya mashine. Nilimjibu kwamba kompyuta hiyo ingekutana na delestaji wiki ileile ya kufungwa kwake, naye akaenda kuizima swichi. Uliza pia ulipo mpini wa kuzungushia gia kwa mkono, uutumie kuirudisha meza katika mlalo ukiwa na saa mkononi, kwa sababu mgonjwa aliyeinama kichwa chini hawezi kungoja jenereta. Mpini huo uning'inizwe ukutani ndani ya chumba hichohicho, si katika stoo ambayo mwenye ufunguo amekwisha kwenda nyumbani.